Kampa ya Camroad 2012 iko Hokkaido, bei chini kuliko wenzake. Kulikoni? (Mnunuzi yupo Mwanza)

#1 Jiwe la Bismarck

Wakuu, mwangaluka. Kuna gari la kulala nimelitolea macho mtandaoni, muuzaji yupo Hokkaido, Japani. Toyota Camroad, chesisi KDY231, mwaka 2012, dizeli 3.0, otomatiki, kilomita 68,400. Kitanda cha juu ya dereva, cha nyuma, na meza inayogeuka kitanda. Jiko la matundu mawili, sinki, friji, choo cha kaseti, betri mbili za ndani.

Bei FOB (kabla ya nauli ya meli na bima) dola 11,500. Wenzake wa mwaka huohuo kwenye tovuti hiyohiyo wanakaribia mara mbili. Karatasi ya mnada anasema hana, gari alilinunua kwa mwenyewe. Picha 22 nimezitupia chini.

Swali ni moja: kwa nini bei iko hivyo? Safari zenyewe ni za Lamadi, Musoma, Ukerewe, siku moja moja Singida. Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

#2 Dagaa Mkavu

Yeni imeshuka hiyo. Kila kitu Japani kimekuwa rahisi.

#3 Nyakato Sokoni

#2 yeni ikishuka inashusha magari yote, haiwezi kuchagua moja ikaliacha lingine pembeni yake. Hilo lina lake.

#4 Sangara wa Kilo Nane

Hayo ndiyo magari ya tsunami, wanayaosha wanatuletea sisi. Achana nalo.

#5 Nyakato Sokoni

Tsunami ilikuwa tarehe 11 Machi 2011. Gari la 2012. Labda lilizama likiwa tumboni kwa mama yake.

Ukitaka kuogopa maji, ogopa mafuriko ya Julai 2018 kule Okayama na Hiroshima, au kimbunga cha Oktoba 2019. Hayo yalizamisha magari mengi na mengine yalirudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, utazame zile sentimita ambazo hazitoki kila siku. Gari lililozama lina mstari wa tope pale, na boliti za reli ya kiti zina kutu wakati zulia ni jipya.

#6 Fundi Bodi Igoma

Mleta uzi, nimezikuza picha zako moja moja. Watu wote humu watakuambia injini. Kwenye kampa ya aina hii nyumba ndiyo inayokula hela, injini ya Toyota utaipata popote.

Camroad inatoka kiwandani ikiwa kichwa na chesisi tu. Kampuni nyingine ndiyo inajenga boksi juu yake: fremu ya mbao kwa nyingi, katikati povu, nje faiba au aluminiamu, ndani plaiwudi nyembamba yenye karatasi ya nakshi. Maji yakipenya hayaonekani nje. Yanatembea ndani ya mbao, yanatokea mita moja au mbili kutoka yalikoingilia. Ukiona doa chini ya dirisha, tundu linaweza kuwa kwenye paa.

Sasa tazama picha ya 14, kona ya kushoto ya paa juu ya kitanda cha dereva. Ule mstari mweupe unaong'aa ni silikoni mpya imepakwa juu ya gundi ya zamani iliyopasuka. Upande wa kulia gundi ni ya kijivu, imekauka, ya miaka yote. Nani anapaka kona moja tu kama haivuji? Na hiyo si kazi ya kueleweka. Unatakiwa kung'oa ule ukanda wa aluminiamu, kukwangua gundi yote, kuweka gundi ya butili chini yake, kurudisha skrubu, halafu juu ndiyo unapitisha gundi ya poliyurethani. Silikoni juu ya uchafu inashika msimu mmoja.

Picha ya 9, chini ya dirisha la upande huohuo, ile nakshi ina mawimbi. Mwanga wa flashi umepita kwa ubavu ndiyo maana yanaonekana. Plaiwudi ikishalowa na kukauka mara nyingi inavimba hivyo.

Jibu langu la bei: linavuja kona ya kushoto mbele, muuzaji anajua.

#7 Jiwe la Bismarck

Shukrani #6, mimi nilidhani ni kivuli. Likiwa limeoza, Mwanza linatengenezeka?

#8 Fundi Bodi Igoma

Linatengenezeka, mbao zipo na faiba wanaopiga boti wanaijua vizuri kuliko mafundi wa magari. Shida ni kwamba hujui umeoza mti mmoja au kumi mpaka ufumue. Omba apime unyevu kwa kile kifaa cha sindano mbili. Wakaguzi wa Uingereza wana kipimo wanachokifuata: chini ya asilimia 15 sawa, 15 mpaka 20 uangalie mara kwa mara, ikipita 30 mbao tayari imeharibika. Apime kona zote nne za kitanda cha juu, chini ya kila dirisha, kuzunguka tundu la hewa la paa, na pale boliti za ngazi ya nyuma zinapoingilia.

#9 Spana 14

Igoma upo sahihi kuhusu mawimbi, ila bei unaipa sababu ndogo. Hiyo ni 1KD-FTV, ileile ya Prado na Hiace. Ugonjwa wake mkubwa ni washa za kopa chini ya nozeli. Zikichoka, moshi wa silinda unapita pembeni, unaingia kwenye oili, masizi yanaganda kama lami na kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Siku taa ya oili inawaka, chuma kimeshasagana. Kilomita 68,400 si kinga, kwa sababu kampa inakaa imepaki muda mrefu na inapigwa safari fupi.

Dawa yake kabla halijaanza safari ya Mwanza: badilisha washa zote nne, shusha sampu, safisha chujio. Na kabla ya kununua, muuzaji achomeke kifaa cha kusomea kompyuta akuonyeshe masahihisho ya nozeli injini ikiwa ya moto, sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Ikizidi 3, juu au chini ya sifuri, nozeli hiyo imechoka.

La pili, gari la mwaka huo lina chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kujichoma, joto kama nyuzi 600, na linahitaji mwendo mrefu. Likizoea mizunguko ya mjini linaziba na injini inakosa nguvu. Oili yake si ile ya kuchota kwenye dumu, inatakiwa ya majivu machache, Wajapani wanaiandika DL-1.

#10 Kamba ya Kirumba

Wote mmesahau sheria ya moshi ya Japani. Tokyo, Osaka na Nagoya dizeli kuukuu hazisajiliwi tena, ndiyo maana zinatupwa kwa bei ya karanga.

#11 Spana 14

Sheria ipo, lakini inawabana wale wa zamani wasio na chujio. KDY231 ya 2012 imekidhi viwango, inasajiliwa hata Tokyo. Halafu huyu muuzaji yupo Hokkaido, huko sheria hiyo haifiki.

#12 Kamba ya Kirumba

Sawa, nimekubali nusu.

#13 Tairi Kipara

Hokkaido ndiyo jibu lenyewe. Barabara zinamwagiwa chumvi msimu wa theluji. Picha ya 20, chini ya gari ni nyeusi tii, mpaka boliti za springi na bomba la breki zimepakwa rangi. Huo ni mkorogo wa kuficha kutu. Kutu ya kweli igonge kwa nyundo ndogo, chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitikia kama debe la unga. Muuzaji ajirekodi akigonga fremu karibu na vikamatio vya springi za nyuma.

Na mpira. Camroad ya miaka hiyo ina tairi moja moja nyuma, si mbili mbili kama Dyna ya kokoto. Saizi ni 195/70R15, maandishi 106/104. Namba 106 ni kilo 950 kwa tairi moja, na hapo ujazo uwe kPa 600, yaani psi 87. Mbili za nyuma jumla kilo 1,900, basi. Boksi lote limelalia nyuma, ongeza maji, betri, watu watano na gunia la mchele la kupeleka Ukerewe, umefika ukingoni. Kupasuka mpira wa nyuma ni malalamiko ya siku nyingi ya wenye gari hili.

Sasa soma picha ya 6 ubavuni: STUDLESS. Hiyo ni tairi ya theluji, mpira laini. Lami ya Singida saa nane mchana itaila kama jojo. Namba nne za mwisho zinasomeka 3416, wiki ya 34 mwaka 2016. Tenga hela ya tairi nne au tano kabla gari halijatoka Dar.

#14 Sangara wa Kilo Nane

Mimi kampa nilitaka kulalia kwenye foleni ya kivuko Busisi.

#15 Nyakato Sokoni

Umechelewa, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unazikata kabla hujamaliza kufungua chupa ya maji. Labda kivuko cha Rugezi, cha kwenda Ukerewe.

#16 Wakala Kurasini

Habari zenu. Mimi nizungumzie mzigo na kodi, maana mtu ameona 11,500 akadhani ameshalimaliza.

Nauli ya meli ya magari inahesabiwa kwa mita za ujazo. Hiace ya kawaida ni 4.695 × 1.695 × 1.98, kama mita 15.8. Camroad ya boksi ni karibu 5.0 × 2.1 × 2.9, sawa na 30.45. Nauli ni kama ya Hiace mbili. Kontena usilifikirie, mlango wa lile refu la futi 40 ni mita 2.58 kwenda juu, gari lako ni 2.9.

Kodi: forodha asilimia 25 ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na nauli). Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2000 asilimia 10. Uchakavu kwa gari lisilo la biashara lililozidi miaka 10, asilimia 30. VAT 18. Tuseme CIF imefika milioni 40 ili hesabu iwe nyepesi. Forodha milioni 10, tunafika 50. Ushuru wa bidhaa 5, uchakavu 15, tunafika 70. VAT yake 12.6. Jumla ya kodi milioni 42.6, na hapo sijaweka tozo ya reli, asilimia 0.6 ya kuchakata forodha, bandari, usajili na mimi mwenyewe. Hayo ni makadirio. TRA wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na thamani yao ndiyo inayotumika hata kama risiti yako inasema chini. Viwango navyo vinaweza kuguswa kila bajeti, uangalie vya mwaka wako.

#17 Dagaa Mkavu

Milioni 42 kodi!! Nimekaa chini.

#18 Kamba ya Kirumba

Wakala, kwa nini lisiingizwe kama gari la mzigo? Kichwa ni cha Dyna, chesisi ya lori. Uchakavu wa magari ya biashara ni mdogo.

#19 Wakala Kurasini

Kwa sababu kwenye orodha ya forodha, fungu la 8703 ndilo la magari ya watu na kampa zimo humo. 8704 ni ya mizigo. Karavani ya kukokotwa isiyo na injini nayo ina lake, 8716.10. Ukiandika lori halafu afisa akafungua mlango akakuta kitanda na sinki, utalipa tofauti na faini.

#20 Kamba ya Kirumba

Zipo zilizopita kama van lakini.

#21 Wakala Kurasini

Zilizopita kama van zilikuwa van zenye godoro. Angalia cheti cha usajili cha Japani: kampa halisi ina namba inayoanza na 8, gari la kazi maalumu. Ili ipewe hiyo lazima iwe na sehemu ya kulala, sinki na tangi la maji lisilopungua lita 10. Karatasi yako yenyewe ndiyo itakusemea.

#22 Kamba ya Kirumba

Bado naona inajadilika. Afisa mmoja na mwingine hawaamki upande mmoja.

#23 Waya Mwekundu

Tukiwa bado kwenye karatasi, niwapeleke kwenye waya, maana hapa ndipo watu wanachoma vitu siku ya kwanza.

Japani umeme ni volti 100, sisi 230. Soketi ya nje ya kampa utaona inafanana na ya kompyuta, fundi wa mtaani atafunga plagi ya pini tatu na kuchomeka. Kifaa cha kupasha joto cha wati 100 kilichotengenezwa kwa volti 100, ukikipa 230 kinavuta kama wati 530, kwa sababu nguvu inapanda kwa kipeo cha pili. Kinawaka, kinanuka, kimekwisha. Chaja ya betri nayo inalipuka kapasita.

Njia ni mbili. Transfoma ya kushusha 230 kwenda 100, ya wati 1,500 au zaidi kama kuna maikrowevu, ikae nje ya kabati kwenye hewa. Au ng'oa mfumo wote wa 100 na ufunge chaja ya 230 na inveta ya 230, ubaki na 12 ya ndani kama ilivyo. Mimi nashauri ya pili kwa mtu wa huku. Bahati yako Hokkaido ni Hz 50 kama sisi. Magharibi ya Japani ni 60, na maikrowevu za zamani zinajali hilo.

Betri: mbili za Ah 100 za asidi ni Wh 2,400 kwenye karatasi, utumie nusu tu kama unazipenda. Zikipumzika saa kadhaa, 12.7 zimejaa, 12.2 ni nusu, ikisoma 11.9 umezichosha. Betri za ndani zilizokaa Hokkaido bila kuchajiwa hesabu ni mzigo wa kutupa.

#24 Furu

Waya Mwekundu, na friji? Picha ya 17 nje kuna matundu mawili ya hewa, la juu na la chini.

#25 Waya Mwekundu

Umeona vizuri. Matundu mawili hivyo ni friji ya amonia, inayotumia gesi, volti 12 au umeme wa nje. Haina kompresa. Hiyo kwa Mwanza utalalamika.

#26 Furu

Italalamikiwa kwa sababu tupo juu, ziwa lenyewe lipo mita 1,134 toka usawa wa bahari. Moto wa gesi unakosa hewa.

#27 Spana 14

Urefu ni kisingizio. Friji ya amonia inafanya kazi kwa mteremko, maji ya amonia yanashuka yenyewe kwenye mabomba. Gari likiinama upande, yanasimama, inapika badala ya kupoza. Watu wanapaki kwenye mawe ya Bwiru gari limelala upande halafu wanalaumu friji. Weka pima maji sakafuni.

#28 Waya Mwekundu

Mimi nasema ni joto nyuma ya friji. Inapoza kwa kutofautisha na hewa ya nje, ikikaa jua la saa tisa ubavuni haiwezi. Funga feni mbili za kompyuta za volti 12 kwenye tundu la juu zitoe hewa nje. Na 12 ni ya kutumia ukiwa safarini tu, inakausha betri usiku mmoja.

#29 Furu

Mbona ya Dodoma zinasumbua hata zikiwa zimenyooka na feni ipo? Huko nako juu.

#30 Tairi Kipara

Ng'oa hiyo weka ya kompresa ya volti 12, inavuta kama ampia 4 ikiwa inazunguka. Samaki wasioze kwa sababu ya mjadala.

#31 Mama Ntilie Pasiansi

Kaka zangu, gesi mmeipita. Regulata ya Kijapani ni kPa 2.8 na mdomo wake hauingii kwenye mtungi wetu wa kilo 6, na mitungi yetu yenyewe vichwa vinatofautiana kampuni na kampuni. Nunua regulata ya mtungi unaoutumia, badilisha na mpira mzima kuanzia mtungini, kisha povu la sabuni kila kiungo. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu sakafuni, gesi yetu ni nzito kuliko hewa, inashuka. Nimeona watu wanaliziba ili vumbi lisiingie. Unalala juu ya bomu.

#32 Mzee wa Kapripointi

Vijana, hongereni kwa maelezo. Kwa nini asitafute ya Uingereza? Usukani kulia, umeme 230, gesi za kawaida.

#33 Nyakato Sokoni

Shikamoo mzee. Faida nyingine ya Uingereza ni kwamba ukiwa na namba ya gari unaona historia ya ukaguzi wa kila mwaka bure kwenye tovuti ya serikali yao, maili ilizotembea na kasoro zote. Ila wengi wamejengewa kwenye Fiat Ducato. Za 2006 mpaka kama 2010 zinatetemeka ukirudi nyuma kwenye mlima, na maji ya mvua yanadondokea nozeli toka chini ya kioo cha mbele. Mwanza milima tunayo, spea ya Ducato hatuna.

#34 Mzee wa Kapripointi

Marahaba. Nimeelewa.

#35 Wakala Kurasini

Turudi kwa muuzaji. Kabla ya shilingi moja kuondoka:

Kampuni ya Japani ina namba ya tarakimu 13, inatafutwa bure kwa mamlaka yao ya kodi, jina na anwani vitokee sawa na vya ankara. Anayeuza vitu vilivyotumika ana leseni ya tarakimu 12 toka tume ya usalama ya mkoa wake. Akaunti ya benki iwe ya jina la kampuni, si la mtu. Ukipokea barua pepe kwamba "benki yetu inakaguliwa, lipa kwenye akaunti hii mpya", simamisha, mpigie kwa namba uliyoipata mwanzo. Wengi wanaoliwa wanaliwa hapo, na muuzaji wa kweli hana habari.

Jina kwenye hati ya meli liwe kama la TIN yako herufi kwa herufi. Cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirisha nje kina kilomita, na cheti cha ukaguzi wa kila miaka miwili kina za ukaguzi huu na uliopita. Hapo ndipo utajua 68,400 ni ya kweli. TBS wanataka ukaguzi wa ubora. Wapi unafanyika kumewahi kubadilika, niulize mimi au mwingine kabla hujalipa ili usilipie mara mbili.

Vitu vilegevu ndani ya gari kwenye meli ya magari havina mwenyewe. Muuzaji atoe televisheni na kile kishikio cha kukunjia turubai, atume kwa posta. Ufunguo wa mlango wa nyumba na wa mfuniko wa tangi la maji ni tofauti na wa injini, mara nyingi unafika wa injini peke yake.

Na kutoka Dar, likiwa na uzito wa tani 3.5 na kuendelea unaingia mizani: Vigwaza, Nala, Njuki. Usijaze tangi la maji Dar, lita 100 ni kilo 100 za bure mpaka Nyegezi.

#36 Dagaa Mkavu

Nikifika nalo napaki pale ufukweni moja kwa moja, nafungua mgahawa.

#37 Nyakato Sokoni

Mita 60 toka maji, sheria ya mazingira ya 2004. Na hiyo kaseti ya choo usiimwage ziwani, tunakunywa humo.

#38 Jiwe la Bismarck

Wakuu nimerudi. Muuzaji amejibu:

Video ya kuwasha asubuhi, nyuzi 3. Imewaka mara moja, moshi mweupe kama sekunde 20 ukakata. Kompyuta ameisoma: nozeli ya kwanza 0.8, ya pili hasi 1.1, ya tatu 2.6, ya nne hasi 0.4. Cheti cha ukaguzi: kilomita 61,200 ule uliopita, 66,900 wa mwisho. Kifaa cha unyevu anasema hana. Fremu amegonga lakini simu iliwekwa mbali, sauti ni ya upepo. Silikoni amekiri ni yake, eti "kwa tahadhari". Sababu ya bei anasema mwenye gari ni mzee amerudisha leseni, na yeye hana nafasi ya kuliweka msimu wa theluji.

#39 Spana 14

Nozeli ya tatu inaelekea pabaya lakini imo ndani. Kilomita zinaendana. Injini naifuta kwenye sababu, washa za kopa bado ubadilishe.

#40 Tairi Kipara

Sababu ya theluji ina akili, boksi kama hilo linahitaji kibanda. Ila sauti ya upepo siikubali. Nyundo na simu ni mikono miwili, anayo.

#41 Kamba ya Kirumba

Mzee kurudisha leseni ni kweli wanafanya kule. Mimi nimeshakubali.

#42 Fundi Bodi Igoma

"Kwa tahadhari" kona moja! Kama hana kifaa, hakuna tatizo. Kitanda cha juu ya dereva kina ubao chini ya godoro. Anyanyue godoro, aondoe ubao, apige picha ile kona ya kushoto kwa tochi, halafu abonyeze mbao kwa bisibisi bila kutumia nguvu. Ikizama milimita tano imeoza. Ikigoma, basi ile picha ya 9 ni gundi ya nakshi imeachia kwa joto na mimi nitakuomba radhi hapahapa.

#43 Jiwe la Bismarck

Nimemwandikia. Huku saa moja jioni, kule saa saba usiku. Tusubiri kukuche.

#44 Sangara wa Kilo Nane

Nimeweka kiti.